Doa Chini ya Kigoda

Iyula, Mbozi
9 Juni 2025

Mwanangu Fortunata,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini mu wazima hapo Tunduma, wewe na baba Tuntufye, na Tuntufye mwenyewe, ambaye nasikia ameota jino na tayari anang'ata watu nalo. Sisi huku wazima. Baridi ya mwaka huu haina adabu, asubuhi tunachuma kahawa vidole vimekufa ganzi. Baba yako mkubwa Osea goti bado linamsumbua, ila sauti haijapungua. Akikohoa kwake Nanyala nadhani hata nyie mnamsikia. Habari kubwa unayo: binti yake Priska ameposwa, na siku ya kumuaga ni Jumamosi ya tarehe 27 Septemba, hapa hapa nyumbani kwa Baba, kama tulivyoagwa sisi wote.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unalijua zulia la Baba, lile la sufu alilolileta kwa treni kutoka Zambia, jeupe lenye maua mekundu pembeni. Kila binti wa ukoo huu amepiga magoti juu yake siku ya kuagwa, wazee wakamwekea mikono kichwani. Mimi nilipiga magoti mwaka tisini na moja, wewe juzi tu. Tangu nilipofiwa na mume nikarudi kuitunza nyumba hii, mwenye kulitunza ni mimi. Wiki iliyopita lilikuwa limetandikwa sebuleni na kinywaji kidogo kikamwagika.

Nililisugua kwa sabuni ya mche na brashi. Doa likakolea. Nikatia maji ya majivu kama mama alivyokuwa akifulia mashuka, likakolea zaidi. Sasa lina upana wa sahani na limekaa katikati kabisa, pale pale anapopiga magoti bibi harusi. Nimeweka kigoda juu yake.

Wewe ndiye unayeosha mazulia ya watu mpaka wa ng'ambo ya mpaka. Niambie la kufanya. Osea akiliona atasema nimeshindwa kutunza kitu kimoja tulichoachiwa. Wala usinipigie simu. Unajua masikio yangu, lazima niweke sauti ya juu, na nyumba hii kila dirisha lina mtu. Andika, umpe Anyosisye akija kuuza parachichi. Na usiulize maswali mengi.

Ni mimi shangazi yako,
Imelda

*

Sogea, Tunduma
21 Juni 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana ikinuka parachichi, maana Anyosisye aliisahau kwenye kapu siku tisa. Tuntufye sasa ana meno mawili na baba yake ana alama mbili begani. Kazi ipo. Malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji, vumbi linaingia ndani ya nyumba za watu, na vumbi likiingia mimi nakula. Nimefurahi mno kwa Priska. Mwambie nitamsuka mwenyewe.

Umesema nisiulize maswali mengi. Nitauliza moja tu: ni kinywaji gani?

Siulizi kwa umbea, Shangazi, ingawa umbea ninao. Kila kinywaji kina dawa yake. Chai ya maziwa ukiimwagia maji ya moto, maziwa yanaiva ndani ya nyuzi na hayatoki tena, kwa hiyo hiyo ni maji baridi. Soda inataka maji ya uvuguvugu ili sukari iyeyuke. Pombe ya ulezi ina namna yake, divai ina yake. Mwezi uliopita mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo kule Zambia, aliniletea kapeti akaapa kwamba ni maji tu. Nikaliosha kama la maji, likatoka na ramani ya rangi ya waridi. Ndipo akakiri ilikuwa divai ya shemeji yake. Lilipotakata alinishika mikono, natotela, natotela, yaani asante zao hazikwisha. Nimejifunza kwamba watu wanadanganya zaidi kuhusu kilichomwagika kuliko wanavyodanganya kuhusu umri.

Kuanzia leo sabuni ya mche iweke mbali na hilo zulia. Majivu nayo ni ya mashuka, hayana kazi kwenye sufu. Na jiki usithubutu hata kuifungua kwenye chumba hicho, inakula sufu na kufuta maua. Kama hutaki kutaja kinywaji, basi nijibu haya. Sisimizi wanakuja pale? Ukiinamisha pua unasikia harufu ya uchachu? Nyuzi zimekakamaa, au ni laini kama nyingine?

Nisalimie wote.
Mwanao Fortunata

*

Iyula
6 Julai 2025

Fortunata mwanangu,

Nimepokea barua, nimefurahi kwa meno. Huku kahawa imeiva kwa fujo, kila mtu yuko shambani, hata wale ambao kwa kawaida wanaumwa siku za kuchuma. Priska amekuja kunisaidia siku tatu, anaimba mchana kutwa mpaka kuku wamechoka.

Sisimizi hawaji. Nimekaa pale nusu saa nikiwangoja kama mwendawazimu, hakuja hata mmoja. Harufu ya uchachu hakuna. Nyuzi ni laini. Ni kinywaji cha kawaida tu cha watu wazima, wala usiende mbali na mawazo yako, pombe haijaingia nyumba hii.

Juzi Osea alikuja kupanga mambo ya sherehe. Akauliza kwa nini zulia liko chini, wakati halijawahi kulala chini bila shughuli. Nikamwambia naliacha lipunge hewa. Akataka kusogeza kigoda alione lote. Nikakikalia. Mwanangu, nimekaa juu ya kile kigoda saa tatu nzima, nikaagiza chai niletewe, nikapokea wageni wawili, na alipoaga nikampungia mkono nikiwa nimeketi. Alinitazama vibaya. Kaka yangu hajawahi kusindikizwa na mtu aliyekaa.

Alipokuwa akisema maneno yake alirudia lile analolipenda, kwamba mimi ndiye nguzo ya nyumba ya Baba na kwamba mradi Imelda yupo yeye analala usingizi. Zamani nilikuwa nikilisikia nafurahi.

Leta dawa. Septemba haiko mbali.
Shangazi

*

Sogea, Tunduma
15 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Tuntufye ana mafua na amegawia nyumba nzima. Nimecheka kigoda mpaka baba Tuntufye akaja kuangalia kama nalia.

Sasa nisikilize, maana kazi yangu naijua. Sisimizi hawaji, kwa hiyo hakuna sukari. Hakuna uchachu wala kukakamaa, kwa hiyo hakuna maziwa. Sabuni ya mche imelikoleza, na vinywaji vinavyokolezwa na sabuni ya mche ni chai ya rangi na kahawa. Chai nimeitoa, kwa sababu nyumbani kwa Babu hakuna mtu aliyewahi kunywa chai bila sukari; nyie mnaweka mpaka kijiko kinasimama. Hiyo ni kahawa nyeusi, Shangazi. Kahawa tupu, haina maziwa wala sukari.

Na hapo ndipo nilipokaa chini. Tumelima kahawa tangu Babu, na hakuna hata mmoja wetu anayeinywa. Tunauza, tunakunywa chai. Halafu zulia lile hutandikwa kwa jambo la heshima tu, wewe mwenyewe umeniandikia lilikuwa limetandikwa. Kwa hiyo mwezi wa sita alikuja mtu wa heshima, anayekunywa kahawa chungu, na wewe ukamtandikia zulia la Babu. Sikuulizi ni nani. Nimesema tu kwamba nimeona.

Dawa ni hii, na chupa nimempa Anyosisye, ameifunga ndani ya kanga. Siki nyeupe kikombe kimoja, maji baridi vikombe viwili. Jaribu kwanza kwenye kona ya nyuma, uone kama maua hayachuji. Kisha loweka kitambaa cheupe cha pamba, ukibonyeze juu ya doa. Usisugue! Bonyeza, inua, geuza upande safi, bonyeza tena. Anzia pembeni uelekee katikati, ukianzia katikati utalitanua. Kisha maji baridi matupu, kisha kitambaa kikavu na uzito juu yake usiku kucha. Hapo kigoda chako kitapata kazi halali.

Mwanao mwenye macho,
Fortunata

*

Iyula
2 Agosti 2025

Fortunata,

Salamu. Wazima wote.

Nimefanya ulivyosema. Katikati pamepungua, lakini limebaki duara la rangi ya udongo, linaonekana hata ukiwa mlangoni.

Nilikuomba dawa ya doa. Sikukuomba umtafute mtu. Mengine yaache.

Imelda

*

Sogea, Tunduma
18 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi kuangalia nyuma. Mafua yamekwisha. Baba Tuntufye anakusalimia, anasema kosa ni langu na yeye hahusiki.

Naomba radhi kwa kukutania. Kwa kuona siombi radhi, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Baba alipofariki nilikuwa na miaka saba, na ulinijua nimelia hata nikiwa nimenawa uso. Hukunilazimisha kusema. Ulikuwa unaniletea viazi vya kuchoma jikoni, unakaa karibu, unanyamaza. Nami sasa nimekaa karibu. Viazi sina, nina siki.

Kuna jambo lazima ulijue. Baba mkubwa Osea alipita hapa wiki iliyopita, alikuja Tunduma kununua turubai la sherehe. Ameniuliza una nini. Anasema umekuwa mtu wa kukaa juu ya vigoda. Anataka kulihamishia zulia Nanyala mapema, akalitazame vizuri. Nimemwambia zulia liko kwenye matibabu yangu, na kwamba likikunjwa kabla ya Septemba nyuzi zitalala vibaya na itakuwa lawama yake mbele ya wakwe. Alikubali. Nimemdanganya mzee na sijapata hata kigugumizi.

Duara lililobaki ni la sabuni, si la kahawa peke yake. Uliposugua mwanzoni, sabuni iliingia chini ya nyuzi na kuishika kahawa huko huko. Doa lenye sabuni ndani halitoki mpaka sabuni itangulie kutoka. Kwa hiyo suuza kwanza: maji baridi, kitambaa, bonyeza, rudia mpaka kitambaa kisitoe hata tone la povu. Itakuchukua siku mbili, tatu. Halafu ndipo urudi kwenye siki. Chupa ya pili hii hapa. Fanya polepole, mkono wako ni mzuri kuliko wangu.

Mimi nipo.
Fortunata

*

Iyula
1 Septemba 2025

Mwanangu Fortunata,

Bwana asifiwe. Kahawa tumemaliza kuchuma shamba la juu. Goti la Osea limepoa, sasa anatembea akikagua hata mabanda ya watu wengine. Priska amepungua kidogo kwa mawazo, nimempa uji.

Anaitwa Nikodemo. Ni mtu wa Ileje, amefiwa na mke miaka minane. Kazi yake ni kuonja kahawa; ameonjea makampuni mpaka amestaafu, na mwezi wa tano chama chetu cha ushirika kilimleta atufundishe wanawake kuonja kahawa yetu wenyewe. Ungemwona, mwanangu. Anavuta kahawa kwa kijiko kwa mlio kama bomba linalokosa maji, kisha anaitema kwenye kopo. Tulicheka mpaka mwenyekiti akatukemea. Sukari hatii kwa sababu anasema ukitia sukari unaonja sukari.

Siku hiyo alinipa kahawa ya shamba langu. Nina miaka hamsini na saba, nimeipalilia tangu sijaota meno ya ukubwani, na sikuwa nimewahi kujua ladha yake. Nilidhani ni chungu tu. Akaniambia, "Mama, usimeze upesi, ngoja." Nikangoja. Kikaja kitu kama ndimu, kisha kama sukari guru, na mimi nikalia mbele za watu kwa sababu ya kahawa.

Alikuja nyumbani mara nne, mchana kweupe, akiwa na mkoba wake wa vijiko. Mara ya nne nilimtandikia zulia. Kwa nini nilimtandikia sijui, au najua. Tukawa tunakunywa, na akaniuliza kama ningekubali kuwa mke wake, tukaishi Ileje kwenye kilima chake. Nikasimama ghafla. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Kahawa uliyoipeleleza kwa sisimizi ni yangu mimi, si ya mgeni.

Nilishika sabuni nikaanza kusugua, nikasugua ili nisimjibu. Yeye akasema, "Mama Imelda, sabuni hiyo italikoleza," akajua hata hilo. Nilimwambia aende, nitampa jibu. Ameenda. Miezi mitatu sasa. Jibu ninalo tangu kikombe hakijafika chini, lakini nani atakaa nyumba ya Baba? Osea atalala vipi? Naona haya, Fortunata, na nina hasira kwamba naona haya.

Nimesuuza siku tatu. Povu lilikuwa linatoka bado, nisingeamini. Kesho naanza siki.

Shangazi yako

*

Sogea, Tunduma
14 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya kapeti la mteja, na nikalilowesha. Machozi hayaachi doa, nimethibitisha.

Nina habari mbaya kwanza: Tuntufye ameota tetekuwanga. Sitaweza kumleta kwenye kusanyiko la watoto wa ukoo mzima, wala siwezi kumwacha. Tarehe 27 sitakuwepo. Nimelia, nimenyamaza. Mwambie Priska nywele nitamlipa kwa mtoto wake wa kwanza.

La doa: ukishamaliza siki, maji matupu, kausha, kisha chana nyuzi kwa brashi laini kuelekea upande mmoja. Litatoka lote. Nakuhakikishia mimi, na sijawahi kurudishiwa zulia. Tarehe 27 hakuna jicho litakaloona kitu, hata la Baba mkubwa.

Ndiyo sababu nataka uniwie radhi kwa hili la mwisho. Doa likishatoka hakuna atakayekulazimisha kusema. Osea atalala, nyumba itakuwa na nguzo, na Nikodemo atazeeka Ileje akinywa peke yake. Itakuwa safi kabisa. Mimi sitaki iwe safi hivyo. Nakupenda, na ulinilea, na nadhani una haki ya kahawa yako.

Fortunata

*

Iyula
4 Oktoba 2025

Mwanangu Fortunata,

Bwana Yesu asifiwe sana. Tetekuwanga zimekauka? Mpake maji ya mwarobaini, na umkate kucha. Hapa sote wazima, tumechoka vizuri.

Ulisema litatoka, limetoka. Tarehe 27 asubuhi nililitandaza uani, kwenye jua, nikatembea kuzunguka pande zote nne. Hakikuonekana kitu. Nikatafuta kwa kidole, sikupapata. Osea akaja na miwani, akainama na goti lake lile, akalikagua tangu ua la kwanza hadi la mwisho, akasimama akasema mbele ya wakwe, "Mnaona? Miaka arobaini, kama jana. Huyu ndiye Imelda." Nikasema asante.

Priska alipiga magoti. Kapendeza, mwanangu, hata kilio chake kilikuwa na mpangilio. Wazee wakamwekea mikono. Mimi kama shangazi nikapewa nafasi ya kusema neno, na nilikuwa nimeliandaa: subira, heshima, chumvi ya kutosha. Nikafungua mdomo. Osea akadakia, "Sema dada, wewe ndiye unayebaki na nyumba hii mpaka mwisho wetu."

Basi maneno yangu yakabadilika. Nilimwambia Priska asimame kidogo asogee pembeni. Nikaonyesha kwa mkono mahali palipo safi. Nikasema, "Hapa palikuwa na doa la kahawa. Mmekagua hamkuliona, kwa sababu limetolewa na Fortunata wa Tunduma kwa barua. Kahawa niliimwaga mimi. Mtu aliniuliza kama nitakuwa mke wake nikashtuka. Anaitwa Nikodemo, anakaa Ileje, kahawa anainywa bila sukari, na jibu langu ni ndiyo. Nilikuwa nimelificha chini ya kigoda."

Fortunata, sauti yangu haikuyumba. Osea akauliza, kwa sauti yake ile, "Kumbe ndiyo maana hukunisindikiza?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na huyo mtu anakunywa bila sukari, ana kisukari?" Nikasema hana, ni kazi yake. Watu wakaanza kucheka, mmoja mmoja, mpaka upande wa wakwe.

Yeye hakucheka. Alitoa miwani akaifuta. Akasema, "Nimekuita nguzo miaka kumi na mbili, dada yangu, na sijakuuliza hata siku moja kama umechoka kusimama." Nami nikalia hapo, si kidogo.

Sherehe ikaendelea, tukala, tukamsindikiza Priska mpaka kwenye gari. Unajua desturi, bibi harusi akiondoka mimi ndiye ninayelikunja zulia. Nilikuwa nimeshapiga magoti nimeshika pindo nianze kukunja. Osea akapaza sauti kutoka mlangoni, Nanyala yote imesikia:

"Msilikunje. Acheni hivyo hivyo. Tuna binti mwingine wa kuaga."

Nikodemo nimemwandikia kwa mkono wangu. Atakuja na wazee wake mwezi wa kumi na mbili, na safari hii njoo na Tuntufye, hata akiwa na madoadoa. Nyumba atakaa mtoto wa Osea. Zulia tumekubaliana, mimi na kaka: nikishaagwa linakuja Tunduma, kwako. Mtunzaji sasa ni wewe.

Na siku litakapomwagikiwa kitu, mwanangu, maana litamwagikiwa, usikae juu ya kigoda. Niandikie Ileje. Nitakuuliza swali moja tu, na unalijua.

Shangazi yako, binti anayeagwa,
Imelda